MAFUTA YANAPOZIDI: NINI HUTOKEA NDANI YA MISHIPA YA DAMU?

Katika makala yetu ya leo tutaangalia jambo ambalo wengi tunalisikia kila tunapokwenda kupima presha, lakini ni wachache walioelezwa sababu yake. Tunaambiwa tupunguze mafuta. Kwa nini? Mafuta yanayoingia tumboni yanafikaje kwenye mishipa ya damu, na yakifika huko yanafanya nini?

Swali hili si langu. Niliulizwa na mama mmoja huku Handeni, ambaye mumewe aliletwa kwenye kituo cha afya nikiwa zamu, usiku wa wiki ya tatu ya Ramadhani, mara baada ya tarawehe. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi na maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida. Presha yake ilisoma 190 kwa 110. Tulimpa rufaa usiku ule ule, na Alhamdulillah ganzi ilimtoka kabla ya alfajiri. Waliporudi kliniki wiki iliyofuata nikawaambia, "Punguzeni mafuta." Yule mama, ambaye hukaanga bagia na sambusa za kuuza barazani kwake, akaniambia: "Mwanangu, mafuta najua yanaingia tumboni. Sasa kwenye mishipa yanafuata nini? Na huyu mzee siyo mnene, mwangalie mwenyewe." Foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu kwa mkato. Jibu lile halikumtosha yeye wala mimi. Hili hapa ndilo jibu nililopaswa kumpa.

UTANDO WA NDANI YA MSHIPA

Watu wengi hudhani mshipa wa damu ni kama mpira wa kumwagilia bustani, yaani bomba tu lisilo na uhai ambalo mafuta yakipita huganda pembeni na kuliziba. Sivyo. Ndani ya kila mshipa, kuanzia ule mkubwa utokao moyoni hadi ule mdogo kabisa wa kwenye jicho, kuna utando ulio hai. Wembamba wake ni wa safu moja tu ya seli, na damu yote ya mwili hupita ikiugusa.

Kazi ya seli hizi ni kubwa. Ndizo zinazoamua kipi kitoke kwenye damu kiingie kwenye nyama na kipi kibaki, ndizo zinazozuia damu isigande ovyo, na ndizo zinazouambia mshipa ulegee au ukaze. Mwaka 1980 mtaalamu wa Marekani, Robert Furchgott, alionyesha kuwa kipande cha mshipa wa sungura kilichokwanguliwa utando wa ndani hakilegei hata kikipewa kemikali ya kukilegeza. Utando ukiwepo, kinalegea. Baadaye ikajulikana kuwa seli za utando hutoa hewa iitwayo naitriki oksaidi, na hewa hiyo ndiyo inayoilegeza misuli ya mshipa. Kwa ugunduzi huo Furchgott na wenzake wawili, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 1998.

Shika jambo hili moja, maana makala yote inalizunguka: utando ukiwa mzima, hewa ile hutoka, mshipa hulegea na presha hutulia. Utando ukiumwa, hewa hupungua, mshipa hubaki umekaza na presha hupanda. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka mingi bila kuhisi maumivu yoyote.

JIKO LA SELI NA KUNI ZAKE

Kila seli ya mwili ina jiko lake la kupikia nguvu. Kuni zake kubwa ni mbili: sukari ya damu, yaani glukosi, na asidi za mafuta, ambazo ni vipande vidogo vinavyotokana na mafuta yakisagwa. Ndani ya seli mna vijumba viitwavyo mitokondria, na humo ndimo mafuta yanamochomwa kwa kutumia oksijeni.

Misuli ya moyo hupenda sana mafuta na huyachoma usiku na mchana. Seli za utando wa mshipa haziko hivyo. Ingawa zimezungukwa na damu yenye oksijeni tele, nguvu zao nyingi hazitoki kwenye mitokondria. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, wakiongozwa na Peter Carmeliet, walionyesha kuwa hadi asilimia 85 ya nguvu za seli hizi hutokana na kuivunja sukari kwa njia ya haraka isiyohitaji oksijeni. Kwa hiyo seli ya utando ni kama mpishi anayepika kwa kijiko kidogo cha mkaa, akiacha oksijeni ipite iwafikie walio mbele, yaani ubongo, figo na misuli.

Hii haina maana kwamba mafuta ni adui wa seli hizi. Mwaka 2015 kundi hilo hilo la watafiti lilionyesha kuwa seli za utando hutumia kiasi fulani cha asidi za mafuta kutengenezea malighafi ya vinasaba pale zinapozaliana, kwa mfano wakati wa kuponya jeraha. Kwa hiyo asikudanganye mtu kuwa tuache mafuta kabisa. Mwili unayahitaji, na vitamini A, D, E na K hazifyonzwi vizuri bila mafuta. Shida yetu ni yale yanayozidi.

YANAPOZIDI, HUTOKEA NINI?

Ndugu msomaji, fikiria jiko la mafiga matatu. Ukiweka kuni za kiasi, moto unawaka safi. Ukizisokomeza kuni kumi kwa pamoja, chungu hakiivi haraka zaidi. Unachopata ni moshi unaojaza jiko zima hadi macho yanatoka machozi.

Hivyo ndivyo inavyokuwa ndani ya seli ya utando damu inapojaa asidi za mafuta kupita kiasi. Mitokondria zake, ambazo hazikuzoea kazi kubwa, hulazimika kuchoma mafuta mengi, na "moshi" huanza kuvuja. Moshi wenyewe ni chembe kali za oksijeni ambazo hushambulia kila kilicho karibu. Madhara yake makubwa ni haya matatu:

Kwanza, chembe hizo huiharibu hewa ya naitriki oksaidi baada ya kutengenezwa, na pia hukiharibu kimeng'enya kinachoitengeneza. Mshipa hukosa amri ya kulegea.

Pili, kuna asidi ya mafuta iitwayo palmitiki, iliyo nyingi kwenye mawese na mafuta ya wanyama. Ikizidi, sehemu yake hugeuzwa kuwa kitu kiitwacho seramidi. Seramidi huziba njia ambayo insulini huitumia kuiamuru seli ya utando itoe naitriki oksaidi. Watu wengi hudhani insulini ni ya sukari tu, kumbe nayo husaidia mishipa kufunguka.

Tatu, seli huingia katika hali ya vita. Hutoa vinasio juu yake vinavyonasa chembe nyeupe za damu, na utando huanza kupitisha lehemu ambayo haikupaswa kupita. Lehemu hiyo hujikusanya chini ya utando mwaka baada ya mwaka. Ule "uchafu wa mafuta" tunaosikia umeziba mshipa haukugandia juu kama ukoko wa sufuria. Umeingia ndani ya ukuta baada ya mlinzi kuumia.

Mambo mengi kati ya haya yameonekana kwanza kwenye seli zilizooteshwa maabara na kwa wanyama. Lakini hata kwa binadamu dalili zake zimepimwa. Mwaka 1997 watafiti wa Maryland, Marekani, waliwapa watu 10 wenye afya mlo mmoja tu wenye gramu 50 za mafuta, kiasi kama cha vijiko vitatu na nusu vya chakula. Mishipa ya mikono yao ilipoteza sehemu ya uwezo wa kufunguka, na hali hiyo ilionekana hadi saa nne baada ya kula. Siku nyingine watu hao hao walipokula mlo wa nguvu zile zile lakini usio na mafuta, mishipa haikubadilika. Maana yake madhara hayasubiri uzee, huanza saa chache baada ya sahani kuondolewa. Habari njema ni kwamba utando ukipumzishwa hujirudi. Tatizo ni pale unapokula hivyo asubuhi, mchana na jioni, utando usipate nafasi ya kupumua.

Tena madhara hayaishii kwenye mishipa. Mwaka 1963 Philip Randle na wenzake huko Uingereza walieleza kuwa misuli inapochoma mafuta mengi, huifungia mlango sukari. Sukari ikikosa pa kuingia hubaki kwenye damu. Ndiyo sababu kitambi, presha na kisukari mara nyingi hukutwa kwenye nyumba moja, na wakati mwingine kwa mtu mmoja.

MAFUTA HAYO YANATOKA WAPI?

Yako malango matatu. La kwanza ni chakula chenyewe, yaani vya kukaanga, nyama yenye shahamu, nazi na siagi.

La pili ni ini. Ukila wanga na sukari kuliko unavyotumia, ini hugeuza sehemu ya ziada kuwa mafuta na kuyamwaga kwenye damu. Kwa hiyo mtu anayekunywa soda tatu kwa siku na chai ya sukari vijiko vinne asijisifu kwamba yeye "hali mafuta".

La tatu ni akiba ya tumboni. Mafuta yaliyozunguka utumbo hayakai kimya, huachilia asidi za mafuta kwenye damu, hasa insulini inaposhindwa kuyatuliza. Na hapa ndipo jibu la yule mama kuhusu mzee wake "asiye mnene" lilipo. Mtu anaweza kuwa na mikono myembamba na miguu myembamba, lakini akawa na kitambi kidogo kilichojaa mafuta ya ndani. Pia presha ina sababu nyingine zikiwemo chumvi, sigara, umri na kurithi. Wembamba si hati ya usalama.

JE, SAUMU HAIONGEZI ASIDI ZA MAFUTA?

Huenda msomaji mwenye elimu ya afya akauliza: mbona mtu akifunga, asidi za mafuta huongezeka kwenye damu? Ni kweli, huongezeka. Lakini wakati ule mwili unazihitaji, unazitoa ghalani na kuzichoma. Ni kuni zinazoingia jikoni wakati chungu kiko motoni. Hali ni tofauti unapomimina mafuta mapya juu ya ghala lililojaa, mwili ukiwa umekaa.

Basi tatizo la Ramadhani yetu ni futari. Mtu ameshinda na njaa saa kumi na tatu, mishipa yake imepumzika, kisha kwa dakika ishirini anaijaza sambusa, kababu, bagia, kaimati na mihogo ya nazi, halafu daku anarudia. Hii ni israfu, na sote tulifundishwa madrasa hukumu ya israfu tangu tukiwa watoto. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za presha amuone tabibu kabla ya mwezi kuandama ili apangiwe dawa.

USHAHIDI WA KARIBU YETU

Mwaka 1996 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa Lugalawa, uliofanyika kusini mwa Tanzania. Walilinganishwa wanakijiji wa kando ya Ziwa Nyasa, ambao chakula chao kikuu kilikuwa samaki, na wanakijiji wa milimani waliokula zaidi mimea. Wala samaki walikutwa na presha ya chini zaidi, lehemu ndogo zaidi na mafuta machache zaidi kwenye damu, huku wakiwa na asidi nyingi za mafuta za aina ya omega-3. Kwa hiyo aina ya mafuta ina uzito wake, siyo wingi tu.

Huko kisiwani Morisi, mwaka 1987 serikali iliyabadilisha mafuta ya mgao, yaliyokuwa kwa sehemu kubwa ya mawese, yakawa ya soya. Kufikia mwaka 1992 wastani wa lehemu kwenye damu za watu ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7. Kulikuwa pia na kampeni ya afya wakati ule, hivyo sifa zote si za mafuta, lakini mchango wake ulikuwa mkubwa.

Na mwaka 2025 ulitoka utafiti wa Kilimanjaro, mwendo wa saa chache tu kwa basi kutoka Korogwe, katika jarida la Nature Medicine. Ulihusisha wanaume 77 wenye afya. Waliozoea vyakula vya asili kama ndizi, maharage na mboga za majani walipopewa vyakula vya kizungu, vya kusindikwa na vya kukaangwa, kwa wiki mbili tu, damu yao ilionyesha dalili za mwili kuwa vitani. Waliofanya kinyume, dalili hizo zilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Utafiti huo ulipima mlo mzima na siyo mafuta peke yake, ila funzo ni kwamba wiki mbili zinatosha kuharibu na zinatosha kuanza kutengeneza.

Tusidhani haya ni ya watu wa Dar es Salaam. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kuwa asilimia 26 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na presha ya juu, na asilimia 9 kisukari. Karibu mtu mmoja kati ya wanne.

TUFANYE NINI MAJUMBANI?

1. Pima mafuta kwa kijiko, usimimine kwa macho. Lita moja ina vijiko vya chakula kama 66. Nyumba ya watu sita inayomaliza lita kwa siku nne, kila mtu anakula karibu vijiko vitatu kwa siku. Kama ni mawese, vijiko hivyo vina gramu kama 20 za mafuta mazito yanayoganda, na hicho ndicho kiwango cha juu ambacho Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu wa kawaida asikivuke kwa siku. Hapo hujahesabu nazi wala nyama. Fanya lita hiyo ifike wiki nzima.

2. Ujue unachonunua. Mafuta mengi yanayoingizwa nchini kutoka nje ni ya mawese, na karibu nusu yake ni mafuta mazito. Ya alizeti yana kiasi kama sehemu moja tu ya kumi. Ukiweza, nunua alizeti au ufuta, hata kama itakubidi upunguze kipimo ili bei ilingane. Mafuta ya nazi ni mazito kuliko hata mawese, hivyo tui liwe la siku moja moja, siyo la kila chungu.

3. Rudini kwenye vyakula vyetu. Ugali na mlenda wa Wazigua, makande, kunde, kisamvu, mchicha na dagaa wa kuchemsha ni chakula bora kwa mishipa. Siyo chakula cha shida. Kijana anayeshuka basi stendi ya Korogwe na kuagiza chipsi mayai kila siku anakula ghali na vibaya kuliko bibi yake.

4. Futari iwe na kitu kimoja tu cha kukaanga. Vingine viwe uji, maharage, viazi au magimbi ya kuchemsha, na matunda.

5. Mafuta yasirudiwe hadi kuwa meusi. Kwa mama anayefanya biashara, najua karai ndilo linalosomesha watoto. Usiyapashe hadi yatoe moshi, chuja makombo kila baada ya kukaanga, na yakibadilika rangi na harufu yamwage. Sambusa zichuje vizuri kabla ya kuzipanga. Mteja atakula mafuta machache na wewe utatumia machache.

6. Tembea. Misuli inayofanya kazi huyachoma mafuta yale yaliyozagaa kwenye damu, na damu inapokwenda kasi huisugua seli ya utando na kuifanya itoe naitriki oksaidi. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, inatosha. Ukienda msikitini kwa miguu badala ya bodaboda, umeshaanza.

7. Pima presha angalau mara moja kwa mwaka ukishafika miaka 30, hata kama hujisikii vibaya. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, hiyo ni presha ya juu. Na ukishaandikiwa dawa, usiiache kwa sababu umeanza kula vizuri au umejisikia nafuu. Mlo na dawa hufanya kazi pamoja, na ni tabibu wako ndiye wa kupunguza.

Mwisho, ukiona mtu uso umelegea upande mmoja, mkono umekosa nguvu ghafla au maneno yanavurugika, usimpake mafuta wala usisubiri asubuhi ukidhani ni upepo mbaya. Mwombee dua ukiwa njiani kumpeleka hospitali, maana katika kiharusi kila dakika ina thamani. Na hata ganzi ikiondoka yenyewe, nenda. Ganzi iliyoondoka ni onyo.

Mama yangu wa Handeni, jibu lako ndilo hilo. Mafuta hayaishii tumboni. Hupita kwenye mishipa yote, na yakizidi huwatia moshi walinzi walio ndani yake, nao hushindwa kuufungua mlango. Mzee wako alipewa onyo, na nafasi ya kujirekebisha ipo. Sehemu kubwa ya nafasi hiyo imo kwenye kijiko unachopimia mafuta jikoni kwako.

Mwili ni amana, na amana hulindwa kabla haijapotea. Tunamuomba Allah (SW) atupe afya njema sisi na familia zetu. Wallahu a'lam.